Kidole cha Kusomea

Maji yanayomiminwa kwenye kikombe cha bati huanza kwa sauti nzito, ya chini, kama mtu anayenung'unika chumba cha pili. Kisha sauti hupanda. Hupanda taratibu, na maji yakikaribia ukingo huwa nyembamba kama mluzi wa mtoto mwenye pengo. Hapo ndipo pa kuinua birika. Ukizubaa kidogo tu, meza imelowa.

Kinanda aliinua birika. Akatega sikio. Hakuna tone lililodondoka sakafuni.

"Kingine," alisema Dereva kutoka mlangoni. Kiti chake cha magurudumu kililia aliposogea. Kilikuwa kinaomba grisi tangu mvua zianze.

Kinanda alipapasa kikombe cha pili, akagusa ukingo wake kwa mdomo wa birika, akamimina. Maji yalikuwa baridi, kwa sababu matroni hakutaka gesi ya Mpango iunguzwe kwa mazoezi. Sauti ikapanda. Akaacha.

"Umejaza mpaka pale wanapojaza watu wenye macho na adabu," alisema Dereva. "Mimi ningekupa shahada papo hapo."

"Shahada ya chai."

"Uzamili kabisa. Joho, kofia, na mama mzazi akilia mstari wa mbele."

Kinanda alicheka, lakini mkono wake ulikuwa tayari unatafuta kikombe cha tatu.

Jengo lao lilikuwa nyuma ya chuo, na kati yake na chuo palikuwa na uzio wa waya. Liliitwa Mpango wa Kuvuka. Mwanafunzi yeyote mwenye ulemavu aliyepata nafasi chuoni alipitishwa hapo kwanza ili aandaliwe. Kinanda alikuwa na nafasi ya ualimu wa historia. Dereva alikuwa na nafasi ya uhasibu. Wote wawili walifaulu mitihani ileile waliyofanya wenzao waliokuwa sasa ng'ambo ya uzio, na Kinanda alikuwa amewapita wengi wao. Lakini wale waliingia darasani moja kwa moja, na hawa waliingia Mpangoni kujifunza kutandika kitanda, kupiga mswaki, kuvuka barabara na kupika chai. Aliyefaulu zoezi la kujitegemea alivushwa. Asiyefaulu alibaki kuandaliwa zaidi.

Kengele ya chuo ilisikika vizuri sana upande huu. Mchana, madirisha ya ukumbi yakiwa wazi, Kinanda alikaa kwenye kizingiti cha bweni na kibao chake mapajani, akatoboa kwa nukta nundu, maandishi yanayosomwa kwa kidole, kila alichokinasa kutoka kwa mhadhiri wa historia. Upepo ukigeuka, alipoteza nusu ya somo. Jina la Kinanda alilipata kwa ajili ya vidole vyake hivyo, ambavyo hata usingizini vilicheza juu ya shuka.

Mwaka uliopita alifelishwa na kidole gumba. Alikuwa amepika chai kama alivyopika tangu utotoni, akamimina huku ncha ya gumba ikining'inia ndani ya ukingo ili ajue kikombe kinajaa lini. Kila mtu asiyeona anafanya hivyo. Mratibu wa Mpango akasema ni uchafu. Akasema mtu anayetia kidole kwenye chai ya wenzake hajawa tayari kuishi na watu. Chuo kikaahirisha nafasi yake kwa mwaka mmoja, na kikaeleza kwamba hakiahirishi mara mbili.

Ndiyo maana alijifunza kuyasikiliza maji.

"Wewe walikupima nini?" Kinanda alimuuliza Dereva.

"Viatu. Nifunge kamba za viatu ndani ya dakika moja." Alipiga ngumi ndogo kwenye paja lake lisilohisi. "Miguu yangu haijawahi kukanyaga hata tope. Hivi viatu nimevirithi kwa kaka, na nitavirithisha vikiwa vipya. Nikamwambia Mratibu, mimi hata nikivaa ndala nitajua kujumlisha. Akaandika kwamba nina tatizo la mtazamo."

"Si ungefunga tu?"

"Nilifunga. Nikazidisha muda kidogo." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hebu nikuulize. Wakituvusha wote, Mratibu atabaki kumratibu nani?"

Kinanda alimimina maji yote kwenye ndoo, akaanza upya.

*

Mama yake alipiga simu siku moja kabla ya zoezi. Alikuwa fundi cherehani, na hata akiongea hakuacha kukanyaga. Maneno yake yalikuja katikati ya mngurumo wa mashine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini, umekula simu? Sauti imekonda." Cherehani ikanguruma, ikanyamaza. "Gauni limebaki pindo tu. Nimekuwekea mifuko miwili mipana, mmoja wa hicho kibao chako na mmoja wa ile kalamu ya kutobolea. Usije ukaviweka kwenye mkoba, wezi hawachagui."

"Asante, mama."

"Watu wananiuliza. Nimewaambia safari hii anaingia. Yule Mratibu wenu nilimpigia, akaniambia unaendelea vizuri mno. Mimi nikajiuliza, mtu anayeendelea vizuri miaka miwili, si angekuwa ameshafika?"

"Kesho nafika."

"Basi mikono isitetemeke. Na kidole chako unakitunza?"

"Nakitunza."

Hata mama alijua habari ya kidole. Kinanda alifundishwa habari hiyo alipopelekwa shule ya bweni, angali mdogo, na wasichana wakubwa waliolala vitanda vya juu. Kila msichana alikuwa na kidole kimoja cha kusomea, na kidole hicho hakikufanya kazi za hovyo. Hakikumenya viazi vya moto. Hakikujaribu pasi. Hakikusaga pilipili wala kuchokonoa moto wa kuni. Usiku kilipakwa mafuta, na asubuhi ya baridi kilifichwa kwapani mpaka mwalimu aingie. Mdogo aliyejisahau na kukipeleka jikoni alipigiwa kelele na bweni zima: "Wewe! Unataka kupofuka mara ya pili?"

Cha Kinanda kilikuwa kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Ngozi ya ncha yake ilikuwa laini kuliko ya shavu lake.

*

Asubuhi ya zoezi, jenereta liliwashwa upande wa pili wa ukuta wa jiko. Uwanjani watu walikuwa wanapigilia vigingi vya hema, na mtu mmoja alikuwa anaiambia spika "moja mbili, moja mbili" kama vile spika ilikuwa inabisha. Mdhamini wa Mpango alikuwa anakuja. Mwaka uliopita zoezi lilifanyika kimya kimya mbele ya watu watatu. Mwaka huu Mratibu alikuwa ameamua kwamba mdhamini ajionee mwenyewe kazi ya Mpango.

Matroni alimshika Kinanda mkono mlangoni. Mkono wake ulinuka sabuni na vumbi la zulia jipya.

"Njoo, mwanangu. Tangu alfajiri sijakaa. Leo nimekupambia jiko lako mpaka utashangaa."

Kinanda alisimama. "Umelipamba vipi, matroni?"

"Utaona mwenyewe."

"Vitu viko palepale?"

"Viko vizuri zaidi. Yale makopo yenye mipira nimetupa. Aibu, yalikuwa kama ya kibandani."

Kopo lililofungwa mpira shingoni lilikuwa la sukari. Lisilo na mpira lilikuwa la chumvi. Ilikuwa hivyo tangu wasioona wa kwanza waletwe Mpangoni, na kila aliyekuja alionyeshwa siku ya kwanza, na kila aliyetumia alirudisha palepale. Matroni mwenyewe alikuwa akiwakemea wafagizi waliosogeza kitu hata kwa upana wa kiganja. Lakini leo kulikuwa na mgeni, na matroni alikuwa amepewa zulia, kitambaa cha meza na mitungi ya kioo inayofanana yote, na alikuwa amevipanga kwa upendo, kwa macho yake.

"Matroni, nipe dakika nivipapase."

"Wageni wameshafika, mwanangu. Nenda."

Waliingia na viatu vizito na harufu ya manukato. Viti vilivutwa. Kisha kipaza sauti kikakoroma na Mratibu akaanza, kwa ile sauti yake ya asali aliyoitumia mbele ya wageni.

"Mheshimiwa mdhamini, wageni wetu wapendwa. Huyu binti mnayemwona alikuja kwetu hajui hata kuwasha jiko."

Kinanda alikuwa amewapikia wadogo zake watatu tangu hajaota meno yote ya ukubwani. Aliwasha jiko.

"Anaitwa nani?" aliuliza mdhamini. Alimuuliza Mratibu.

"Tunamwita Kinanda, mheshimiwa."

"Na anasikia?"

"Anasikia sana. Ni macho tu."

Birika lilikuwa lilelile, na hilo lilimpa moyo. Maji yalipochemka akatia majani, akakisia kwa kijiko. Mitungi ilimsumbua. Alifungua wa kwanza na wa pili, na sukari wala chumvi hazina harufu, na kuonja ni marufuku. Akafunga, akatikisa mmoja sikioni, akatikisa mwingine. Punje za sukari ni kubwa zaidi. Hulia kama mchanga wa mtoni. Akachagua. Mtu mmoja nyuma alinong'ona, "Jamani, anacheza muziki," na wengine wakacheka kwa wema.

Kisha akanyoosha mkono kwenye vikombe, na vikombe havikuwa vikombe vyake.

Vilikuwa vya kauri, vizito, vidogo, vimekaa juu ya visahani. Vilikuwa vimeazimwa ofisini kwa mkuu wa chuo. Matroni aliyasema hayo baadaye, akilia. Kinanda aligonga kimoja kwa ukucha. Hakikuita. Kilitoa mlio mfupi, mnene, kama kugonga goti.

Akashika mkono wa kikombe. Ulikuwa na tundu dogo lililopitisha nusu tu ya kidole cha kati, na gumba likalazimika kubana juu. Akaelekeza mdomo wa birika. Akamimina kidogo.

Jenereta lilikuwa linanguruma nyuma ya ukuta. Mratibu alikuwa anaeleza jinsi Mpango unavyorudisha matumaini. Ndani ya kelele zile kauri haikusema kitu. Chai ilikuwa inaingia mahali fulani, kimya, kama maji yanayomwagwa kwenye mchanga.

Akaacha kumimina.

"Samahani," alisema. "Naomba kimya kidogo. Naomba jenereta lizimwe dakika moja tu. Nasikiliza maji."

Kukawa na kimya kweli, kwa muda wa pumzi moja. Kisha Mratibu akacheka kwenye kipaza sauti.

"Ana woga kidogo, binti yetu. Tumpigie makofi tumtie moyo!"

Makofi yakalipuka. Yalijaa jiko lote, yakagonga vioo na mabati, na juu yake mtu akapiga mluzi, na wengine wakaitikia. Walimpigia kwa moyo wote. Hawakuacha.

Kinanda alisimama na birika linalotoa mvuke mkono wa kulia na kikombe kisichosema mkono wa kushoto. Akimimina kwa kubahatisha, chai itafurika kwenye kitambaa cheupe, itamtiririkia mdhamini mapajani, na Mratibu atasema hajawa tayari. Akisimama hivi hivi, Mratibu atasema hajawa tayari. Ng'ambo ya uzio kulikuwa na dawati lenye nafasi yake mpaka Jumatatu.

Kidole kimoja tu kilikuwa huru mkononi mle, kile cha shahada. Alikikunja juu ya ukingo, kwa ndani, upande wa kifuani pake ambako alidhani hakuna wa kuona. Akamimina.

Chai ilipanda ikakiuma. Alikiacha mpaka alipokuwa na uhakika, kisha akaweka kikombe kwenye kisahani. Cha pili. Cha tatu. Kwenye cha nne alikuwa ameuma ulimi. Baada ya hapo kidole kiliacha kuwa kidole, kikawa kitu kinachodunda mwisho wa mkono wake, na bado alikiinamisha, kikombe baada ya kikombe, mpaka meza kuu yote ikapata chai.

Hakuna tone lililomwagika.

"Ajabu!" alisema mdhamini. "Hata tone! Hongera sana, Mratibu."

"Karibu chai, mheshimiwa."

"Ah, mimi daktari kanikataza sukari. Lakini hongera sana."

Walitoka. Viatu vizito vikafifia kwenye zulia jipya. Kinanda alinyoosha mkono wa kulia, akapita juu ya vikombe kimoja kimoja. Vyote vilikuwa vimejaa na vya moto.

*

"Nimekiona kidole," alisema Mratibu.

Ofisini kwake kulikuwa na feni iliyokwaruza kila ilipozunguka. Kinanda alikuwa amesimama. Matroni alikuwa karibu na mlango, akivuta kamasi. Alikuwa amemfunga bandeji aliyoipata kwenye kisanduku cha huduma ya kwanza, juu ya mafuta mazito ya majeraha ya moto.

"Mgeni ametoka mbali," Mratibu aliendelea. Sauti ya asali ilikuwa imebaki kwa wageni. "Halafu wewe unamtilia kidole kwenye chai. Kosa lilelile la mwaka jana. Sasa nikupe nini mimi?"

"Hakuinywa."

"Hilo si lako."

"Niliomba kimya. Nilijifunza kumimina kwa kusikiliza, kama ulivyotaka. Mkaleta jenereta. Mkabadilisha vikombe."

"Na huko darasani utaomba kimya? Barabarani utaomba magari yazimwe? Tunakuandaa kwa ajili ya maisha, binti. Maisha hayazimi jenereta."

"Mimi nimekuja kusoma historia."

"Na hao watoto utakaowafundisha, utawafundisha usafi gani?"

Kinanda aligeuza uso upande ambako, kupitia dirishani, kengele ya chuo ilikuwa imeanza kulia. "Mratibu, nikuulize kwa heshima. Wale wa ng'ambo ya uzio, kabla ya kuingia darasani walimpikia nani chai?"

Feni ikakwaruza. Kiti cha Mratibu kikalia.

"Usinijibu hivyo," alisema taratibu. "Mimi ndiye ninayekupigania. Wako wanaosema watu kama nyinyi mkae nyumbani. Unawajua? Mimi ninakaa nao vikaoni, ninakula nao, ninawabembeleza. Kwa ajili yenu."

"Nafasi yangu inaisha Jumatatu."

"Najua."

"Hawaahirishi mara mbili."

"Msajili tunaelewana. Nitamwambia maneno mawili." Asali ikarudi kidogo kwenye sauti yake. "Lakini na wewe nisaidie, mwanangu. Mdhamini anataka picha za waliovuka. Anaondoka saa kumi. Joho lipo."

"Nimevuka?"

"Picha ni ya Mpango. Si ya matokeo."

"Mratibu," alisema matroni, "kidole kimejaa maji chote. Apelekwe zahanati kwanza."

"Baada ya picha."

*

Joho lilikuwa moja. Lilipomfikia Kinanda lilikuwa na joto la mtu mwingine, na ukosi wake ulikuwa umelowa.

"Samahani kwa jasho," alisema Dereva kutoka chini, karibu na kiuno chake. "Nimehitimu kwa taabu."

Kinanda alisubiri mzaha wa pili, kwa sababu Dereva hakuwahi kuacha mzaha mmoja upwekeni. Haukuja.

"Wamenivua viatu," alisema Dereva. "Mpiga picha kasema vimechakaa. Vile, kwangu havijakanyaga hata tope." Kisha kiti chake kikalia, kikasogea.

Joho lilikuwa la mtu mnene. Matroni alilivuta nyuma, akalibana na vibanio vya kuanikia nguo, na Kinanda alivihisi vikiwa vimejipanga kwenye uti wa mgongo wake kama safu ya ndege. Kofia ikawekwa. Kitu kizito kikatua mikononi mwake, kikinuka vumbi na stoo: kitabu cha nukta nundu, cha kwanza kukishika tangu aje Mpangoni. Mwaka wa kwanza aliambiwa vitabu viko njiani.

Alikipitisha kidole cha mkono wa kulia pembeni, kile kisichojua kusoma vizuri. Nukta zilikaa ovyo. Akatafuta namba ya ukurasa, akaikuta chini, imepinduka.

"Kitabu kimegeuzwa," alisema.

"Haidhuru," alisema mpiga picha, kijana mchangamfu anayetafuna kitu. "Haionekani."

"Inaonekana kwa anayejua kusoma."

"Sista, wanaojua kusoma hivyo hawataiona picha." Alicheka, kisha akahisi kicheko chake hakikuwa mahali pake. "Samahani. Matroni, hiyo bandeji inaharibu. Iondoe kidogo."

Matroni aliifungua polepole, akipuliza. Hewa ilipogusa kidole, Kinanda alivuta pumzi kwa meno.

"Weka juu ya maandishi. Kama unasoma."

Akaweka.

Alikuwa amegusa kurasa tangu ana miaka sita. Hata gizani, hata akiwa na homa, kidole kile kilipotua kwenye karatasi kitu kilikijibu, herufi au kipande cha herufi. Sasa alikisukuma mbele, na karatasi ilikuwa tupu kama meza. Akabonyeza zaidi. Moto ukapanda mpaka kwenye kiwiko. Akarudi mwanzo wa mstari, akajaribu tena. Palikuwa tupu.

"Vizuri! Hivyo hivyo. Tabasamu. Tazama huku. Aa, samahani, geuzia uso kwenye sauti yangu. Hapo. Meno kidogo. Wazia umefika."

Nyuma yake mtu mwingine alikuwa anasubiri joho.

*

Jumatatu masanduku yalianza kupita ng'ambo ya uzio. Kinanda alikaa kwenye kizingiti cha bweni akayasikiliza: magurudumu madogo juu ya kokoto, wazazi wakigombana kuhusu godoro, msichana mmoja akiuliza kwa sauti kubwa ukumbi wa historia uko wapi, na mtu akimwelekeza. Mratibu hakuwa ofisini. Alikuwa safarini na mdhamini, alisema matroni, na simu yake haikupatikana. Kibao kilikuwa mapajani mwa Kinanda, lakini hakutoboa chochote. Asingeweza kukisoma.

Simu ikalia. Haikuwa na mngurumo wa cherehani. Ilikuwa na vigelegele.

"Mwanangu!" Mama alikuwa anahema kama aliyekimbia. "Mwanangu, nimekuona! Binti wa jirani kaja na simu yake mbio, kasema mama njoo, Kinanda kavaa joho! Chuo chenyewe kimeweka picha yako mtandaoni, dunia nzima inakuona! Subiri, wanakusalimu hapa."

Sauti nyingi zikaingia kwa pamoja, za wanawake, zikimwita, zikimwombea, moja ikiimba.

"Mama," alisema Kinanda.

"Gauni nimelimaliza. Ningejua mnavaa joho siku hii ningelileta ulivae kwa ndani. Lakini umependeza! Yaani umependeza, we mtoto!"

"Mama, niambie. Nikoje?"

"Ukoje? Umesimama wima. Kofia imekaa. Unacheka, mwanangu, meno yote nje. Umeshika kitabu kikubwa, na kidole chako kiko juu yake. Kile kile." Mama akavuta simu ya jirani karibu, Kinanda alisikia wakinyang'anyana kidogo. "Subiri nikivute kiwe kikubwa. Ee, ndiyo kile kile."

"Kikoje?"

Nje ya uzio sanduku moja likakwama kwenye kokoto, likanyanyuliwa, likaendelea.

"Kinang'aa," alisema mama, na sauti yake ikakatika kwa furaha. "Mwanangu, kidole chako kinang'aa!"